Kuandika Historia ya Ndege ni Kazi ya Karatasi

Mtu akijua kwamba ninaandika historia ya usafiri wa anga, swali lake la kwanza huwa ni kama nami ni rubani. Mimi si rubani, wala sijawahi kuwa fundi wa ndege, na sehemu kubwa ya kazi hii haifanyiki popote karibu na uwanja wa ndege. Hufanyika mezani, mbele ya majalada ambayo pengine hayajafunguliwa kwa miongo mingi, nikisoma mwandiko wa watu waliokwisha kufariki na kulinganisha tarehe moja na nyingine. Ndege yenyewe mara nyingi haipo tena: ilianguka, ilikatwakatwa ikauzwa kama chuma chakavu, au iliundwa upya mara nyingi kiasi kwamba hakuna anayeweza kusema ni kipande kipi cha awali kilichosalia. Kinachobaki ni karatasi za kiwandani, daftari la rubani, ripoti ya tume ya uchunguzi na picha chache ambazo maelezo yaliyoandikwa nyuma yake si ya kuaminiwa moja kwa moja. Vijana kadhaa wanaotaka kuingia katika kazi hii wameniuliza inavyofanyika, na kwa kuwa majibu ya mdomo huwa mafupi mno, nimeona heri niyaandike.

Historia ya ndege ina bahati ya kuwa na wapenzi wengi, na wapenzi hao ni wasimulizi hodari. Kila ndege maarufu ina kisa chake kinachojulikana na watu ambao hawajasoma hata ukurasa mmoja wa nyaraka zake. Kisa hicho si lazima kiwe uongo. Mara nyingi ni ukweli uliopunguzwa hapa na kuongezwa pale hadi ukawa rahisi kubebeka. Mwandishi halipwi kukipamba upya. Analipwa, pale anapolipwa, arudi hadi siku ya tukio na kuuliza nani aliandika nini siku ile, kabla hajajua mambo yangeishaje.

Mfano ninaoutumia zaidi ni wa Comet, ndege ya kwanza ya abiria yenye injini za jeti kuingia katika huduma, iliyotengenezwa na kampuni ya de Havilland nchini Uingereza. Tarehe 2 Mei 1952 Comet yenye namba ya usajili G-ALYP iliondoka London kwenda Johannesburg, ikapitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na kwa safari hiyo abiria wa kulipa nauli wakaanza kusafiri kwa jeti. Tarehe 10 Januari 1954 G-ALYP ileile ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, muda mfupi baada ya kuondoka Rome, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Safari za Comet zilisimamishwa, zikarejeshwa mwezi Machi, na tarehe 8 Aprili Comet nyingine, G-ALYY, ikaanguka baharini kusini mwa Naples ikiwa na watu 21. Mwulize mpenzi yeyote wa ndege sababu ya ajali hizo, naye atakujibu kabla hujamaliza swali: madirisha yalikuwa ya mraba, pembe zake zikapasuka.

Nyaraka zinasema jambo linalokaribiana na hilo, lakini silo. Madirisha ya abiria yalikuwa ya mstatili wenye pembe zilizoviringwa, na si hayo yaliyoiangusha G-ALYP. Mabaki yaliyoopolewa kutoka baharini yalionyesha kwamba mpasuko ulianzia juu ya paa, kwenye pembe ya tundu lililofunika antena za kifaa cha redio cha kutafutia mwelekeo, mahali ambapo hakuna abiria aliyepata kuchungulia nje. Kipande hicho cha paa kinahifadhiwa katika Makumbusho ya Sayansi jijini London, na mtu anaweza kusimama mbele yake akaona jinsi ufa ulivyofuata mstari wa matundu ya ribiti. Wakati huohuo, huko Farnborough, kwenye kituo cha serikali ya Uingereza cha utafiti wa ndege, wahandisi waliijengea Comet nyingine, G-ALYU, tangi kubwa la maji, wakauzamisha mwili wake na kuyaacha mabawa yakitokeza nje, kisha wakawa wanapandisha na kushusha mgandamizo wa maji ndani yake ili kuiga hewa inayobanwa ndani ya ndege kila inapopanda juu, safari moja baada ya nyingine. Walitumia maji kwa sababu hayabanwi kama hewa: mwili wa ndege ukipasuka ndani ya hewa iliyobanwa, hulipuka na ushahidi ukatawanyika, lakini ndani ya maji mpasuko husimama na mhandisi akaukagua. G-ALYU ilikuwa imekwisha kuruka mara 1,221, na ilipasuka baada ya kuongezewa mizunguko 1,836 ndani ya tangi, jumla 3,057, ufa ukipita kwenye tundu la mlango wa dharura. G-ALYP ilipoanguka ilikuwa imefanya safari 1,290 zenye mgandamizo, na G-ALYY 900 tu.

Mimi hukaa zaidi na sehemu ya kisa hiki ambayo simulizi la madirisha linaificha. Kiwanda kilikuwa kimefanya majaribio yake ya uchovu wa metali, yaani kudhoofika kwake kwa kubanwa na kuachiwa mara nyingi, na kilikuwa na sababu ya kuiamini ndege yake. Tatizo ni kwamba kipande kilichojaribiwa kilikuwa kimebanwa kwanza kwa mgandamizo mara mbili ya ule wa kawaida, ili kuthibitisha nguvu zake, na kitendo hicho kiliivuta kidogo metali ya kwenye pembe za matundu na kuifanya istahimili mizunguko mingi kuliko metali ya ndege zilizopelekwa kazini. Kwa maneno mengine, jaribio la bidii na la nia njema ndilo lililozaa imani potofu. Ukiandika kwamba wahandisi walikuwa wajinga wasiojua kwamba pembe kali hupasuka, umewadhulumu wao na umemnyima msomaji jambo gumu zaidi na lenye thamani zaidi. Mhariri mmoja aliwahi kutaka nirudishe madirisha ya mraba kwenye kichwa cha makala, kwa hoja kwamba wasomaji wanayafahamu. Tulibishana kwa heshima, na hatimaye kichwa kikataja tangi la maji, jambo ambalo kwa maoni yangu linavutia kuliko dirisha la umbo lolote.

Kabla sijaandika sentensi ya kwanza kuhusu safari yoyote, huwa natengeneza jedwali la saa. Ni kazi ya kuchosha na hakuna msomaji atakayeiona, lakini nadharia nyingi hufia hapo. Chukua safari ya mwisho ya Amelia Earhart na mwelekezi wake wa njia, Fred Noonan. Waliondoka Lae, New Guinea, tarehe 2 Julai 1937 saa nne asubuhi kwa saa za pale, wakielekea kisiwa kidogo cha Howland katika bahari ya Pasifiki, umbali wa zaidi ya kilomita 4,000. Itasca, meli ya walinzi wa pwani wa Marekani iliyokuwa ikiwasubiri huko, iliandika ujumbe wao wa mwisho saa mbili na dakika 43 asubuhi, nayo tarehe ilikuwa 2 Julai. Msomaji wa haraka atadhani kwamba ndege ilipotea kabla haijaondoka. Ukweli ni kwamba kati ya matukio hayo mawili kuna saa 20 na dakika 13, kwa sababu Lae ilikuwa mbele ya saa za Greenwich kwa saa 10, Itasca ilikuwa nyuma kwa saa 11 na nusu, na katikati ukapita mstari wa kubadilishia tarehe. Anayeandika kwa Kiswahili ana hesabu moja zaidi, kwa kuwa siku yetu huanza kuhesabiwa alfajiri, ilhali daftari la redio la meli linasema 0843; kwa hiyo kwenye jedwali naiacha saa ya waraka kama ilivyo, na huibadilisha ninapoandika nakala ya mwisho tu. Nimesoma makala zinazojenga hesabu nzima ya mafuta juu ya saa mbili za maeneo mawili tofauti zilizochanganywa, na hakuna ufasaha wa lugha unaoweza kuiokoa makala ya namna hiyo.

Vipimo navyo ni mtego wa aina hiyohiyo. Galoni ya Uingereza ni takriban lita 4.546 na ya Marekani ni lita 3.785, na barua ya mwaka 1930 haikwambii ni galoni ipi. Inabidi ujue ndege ilijazwa mafuta wapi na nani aliyeshika kalamu. Maili ya nchi kavu na maili ya baharini zimewapotosha waandishi wengi wa rekodi za mwendo. Wala hili si la waandishi peke yao. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa angani kwenye kimo cha futi 41,000, kwa sababu kipimo cha mafuta cha ndani ya ndege kilikuwa hakifanyi kazi na waliofanya hesabu kwa mkono walitumia kizidisho cha ratili mahali pa kilo. Marubani waliitua bila injini kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi huko Gimli, Kanada, na hakuna aliyekufa. Ikiwa watu waliosomea kazi hiyo waliweza kuchanganya ratili na kilo mafuta yakiwa mbele yao, mwandishi anayesoma tarakimu iliyofifia hana budi kuuliza mara mbili.

Kuhusu mashahidi walio hai, nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi: rubani ni msimulizi mzuri, lakini fundi ni shahidi bora. Rubani mashuhuri amesimulia kisa chake mara nyingi, mbele ya wageni, kwenye hafla na kwa wajukuu, na kila mara kimepigwa msasa kidogo. Fundi hakuulizwa na mtu. Ukimwuliza kuhusu injini fulani hakupi kisa. Anakunjua mikono na kukuonyesha hewani jinsi kiganja kilivyopaswa kuingizwa kinyumenyume nyuma ya bomba, kidole cha kati kikishikilia nati ambayo jicho haliwezi kuiona, na jinsi kila aliyeifanya kazi hiyo alivyotoka na mchubuko mahali palepale juu ya kifundo cha mkono. Maelezo hayo nayalinganisha na kitabu cha matengenezo, na mara kwa mara hunieleza kwa nini kazi ambayo kitabu kinaipa saa moja ilichukua mchana kutwa.

Hii haina maana kwamba marubani wanadanganya. Ninapokwenda kuzungumza na rubani mstaafu humwomba aje na daftari lake, na mazungumzo hubadilika pale daftari linapofunguliwa. Ndani yake kuna safu za tarehe, aina ya ndege, namba ya usajili, alikotoka na alikofika, na muda wa kuruka. Katika madaftari mengi ya jeshi la anga la Uingereza safari za usiku ziliandikwa kwa wino mwekundu. Mwishoni mwa kila mstari kuna nafasi finyu ya maelezo. Siku ambayo mzee ameisimulia kwa nusu saa, kwa mawingu na moto na sala, hapo imeandikwa maneno mawili tu: injini ya kushoto. Safari ambayo hakuitaja kabisa ina mstari mrefu uliobanwa hadi ukapanda ukingoni mwa karatasi. Namwuliza kuhusu huo wa pili, na kwa kawaida ndiyo makala.

Jinsi kisa kinavyokua baada ya wahusika kuondoka inaonekana vizuri katika safari ya John Alcock na Arthur Whitten Brown, waliovuka Atlantiki bila kutua mnamo tarehe 14 na 15 Juni 1919 kwa ndege aina ya Vickers Vimy, kutoka Newfoundland hadi karibu na Clifden nchini Ireland, kwa muda wa karibu saa 16. Kizazi baada ya kizazi kimesoma kwamba Brown alitambaa juu ya mabawa, tena na tena, katikati ya dhoruba, ili kuikwangua barafu kwenye injini. Maelezo ambayo Brown mwenyewe aliyachapisha mwaka uliofuata yana jambo dogo zaidi: kipima mafuta kilikuwa kimefungwa kwenye nguzo iliyo nje ya chumba cha marubani, kioo chake kikafunikwa na theluji, naye akalazimika kupiga magoti juu ya mwili wa ndege, mkono mmoja ukiishika nguzo, ili akifute. Alcock hakuwapo kusahihisha lolote, kwa maana alikufa katika ajali mwezi Desemba mwaka huohuo wa 1919. Kwangu mimi mtu anayepiga magoti gizani ili asome kipimo anatisha na anavutia vya kutosha. Hahitaji kutambaa hadi kwenye injini.

Picha zina adabu zao. Wakaguzi wa wakati wa vita walifuta antena za rada kwa brashi kabla ya kuruhusu picha zichapishwe, kwa hiyo ndege inayoonekana haina rada huenda ilikuwa nayo. Picha nyingine zilichapwa zikiwa zimegeuzwa kushoto kulia, na ikiwa namba ya ubavuni haionekani, kinachobaki ni kuangalia upande wa mlango au wa vifungo vya koti la rubani. Mara nyingi maelezo ya nyuma yanasema Spitfire bila kusema ya aina gani, na hapo ndipo macho hufanya kazi: Spitfire ya aina ya tano kwa kawaida ina panga boi lenye mapanga matatu, na chini ya mabawa kipozeo cha upande mmoja ni kipana huku cha upande mwingine kikiwa chembamba, ilhali ya aina ya tisa ina mapanga manne na vipozeo viwili vinavyofanana. Ukikosea hilo, barua za wasomaji zitakufikia kabla ya malipo yako.

Namba za usajili nazo zinahitaji subira, kwa sababu ndege hubadilishwa namba kila inapouzwa katika nchi nyingine, huku namba iliyopigwa kiwandani ikibaki ileile hadi mwisho wa maisha yake. Aliyezoea kuona 5Y kwenye ndege za Kenya, 5H kwenye za Tanzania na 5X kwenye za Uganda huenda asijue kwamba kabla ya uhuru ndege za Kenya zilibeba VP-K na za Tanganyika VR-T, na kwamba ndege moja yaweza kuonekana katika orodha mbili kana kwamba ni ndege mbili. Shirika la East African Airways, lililoanza safari mwaka 1946 na kusambaratika mwaka 1977, liliongeza ugumu wake mwenyewe: kwa kuwa lilimilikiwa kwa pamoja, ndege zake za Super VC10 zilisajiliwa nyingine Uganda, nyingine Kenya na nyingine Tanzania, ingawa zote zilivaa rangi za shirika moja. Anayefuatilia shirika hilo kwa kutumia rejista ya nchi moja tu anakusanya theluthi ya historia yake.

Ripoti za ajali ndizo nyaraka ninazozisoma kwa uangalifu mkubwa kuliko zote, na ndizo zinazosomwa vibaya kuliko zote. Tangu mwaka 1951 uchunguzi wa kimataifa unaongozwa na kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa mataifa kuhusu usafiri wa anga, ambacho kinasema kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Mwandishi anayefungua ripoti ili amtafute mwenye makosa anasoma waraka ambao haukuandikwa kwa ajili hiyo. Zaidi ya hayo, ripoti moja haitoshi. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, na watu 583 wakafa. Wachunguzi wa Hispania waliweka uzito kwenye uamuzi wa rubani wa KLM wa kuanza kuruka bila ruhusa; upande wa Uholanzi, katika maoni yake, ulisisitiza jinsi pande zote zilivyoshindwa kuelewana kwa redio. Ukweli wa msingi ni uleule, maneno yaliyorekodiwa ni yaleyale, na bado msomaji wa waraka mmoja huondoka na kisa kingine kabisa. Mimi huziweka zote mbili mezani na kuandika nikiziangalia kwa zamu. Sipendi kuandika dakika za mwisho za abiria isipokuwa zinaeleza jambo ambalo haliwezi kuelezwa vinginevyo, kwa sababu jamaa za marehemu nao husoma.

Kisha kuna suala la nani alikuwa wa kwanza, ambalo limenijazia sanduku la barua kuliko jambo jingine lolote. Orville na Wilbur Wright waliruka tarehe 17 Desemba 1903: mara ya kwanza sekunde 12 na futi 120, mara ya nne sekunde 59 na futi 852. Alberto Santos-Dumont aliruka Paris tarehe 23 Oktoba 1906, takriban mita 60, mbele ya umati na waamuzi, na kwa ndege iliyokimbia kwa magurudumu yake. Barua ninazopata kutoka kwa wanaomtetea hudai kwamba ndege ya Wright ilirushwa kwa mtambo wa uzito unaodondoshwa. Mtambo huo ulikuwapo, lakini ulianza kutumika mwaka 1904. Mwaka 1903 kulikuwa na reli ya mbao na upepo mkali wa mbele. Hata hivyo wanaowatetea akina Wright nao hawapendi kukumbushwa kwamba safari ya sekunde 12 ni ushahidi mwembamba, na kwamba nguvu ya hoja yao iko katika ile ya nne na katika kazi ya miaka miwili iliyofuata.

Jambo linalonishughulisha zaidi katika mgogoro huo ni jinsi taasisi zenyewe zinavyokuwa wahusika. Taasisi ya Smithsonian, ya makumbusho na utafiti huko Washington, ilimuunga mkono mkuu wake, Samuel Langley, ambaye mashine yake ya kuruka ilitumbukia katika mto Potomac mara mbili mwishoni mwa mwaka 1903. Mwaka 1914 Glenn Curtiss aliifanyia mashine hiyo mabadiliko, akairusha kwa masafa mafupi, na taasisi ikatangaza kwamba ilikuwa ya kwanza yenye uwezo wa kuruka na mtu. Orville alikasirika, na mwaka 1928 akaipeleka ndege yake London, ambako ilibaki hadi baada ya vita. Smithsonian ilikiri mabadiliko yale mwaka 1942, na ndege ikawekwa Washington tarehe 17 Desemba 1948, baada ya kifo cha Orville. Mkataba na warithi wake una kipengele kinachosema kwamba taasisi ikitambua ndege nyingine kuwa iliruka na mtu kabla ya hiyo, warithi wanaweza kuidai ndege irudishwe. Wanaodai kwamba Gustave Whitehead aliruka mwaka 1901 huutumia mkataba huo kama uthibitisho wa njama. Mimi nauona kuwa ni kovu la ugomvi wa miaka mingi, na hoja ya Whitehead inadhoofika kwa sababu nyingine, yaani ukosefu wa picha inayomwonyesha akiwa angani. Lakini siwezi kuficha kwamba mkataba wa aina hiyo unamweka mwanahistoria wa taasisi hiyo mahali pagumu, na nimewahi kuuandika hivyohivyo.

Kuhusu riziki nitasema kidogo. Kitabu huchukua miaka na hakilipi miaka hiyo. Fedha hutoka kwenye makala za majarida, maelezo ya ukutani ya makumbusho, ushauri kwa watengenezaji wa filamu za kumbukumbu, na mihadhara. Wahariri hununua makala kwa kalenda: tukio likitimiza miaka 50 au 100 kila mtu analitaka, na mwaka mmoja baadaye hakuna anayelitaka, kwa hiyo nina daftari la maadhimisho yajayo na utafiti huanza mapema kabla ya mtu yeyote kuagiza. Haki za picha hula sehemu ya malipo isiyolingana na ukubwa wa picha zenyewe.

Kinachonipa wasiwasi ni majalada ya ndege za leo. Kwa upande mmoja hatujawahi kuwa na takwimu nyingi kama sasa: kisanduku cheusi hurekodi mamia ya vipimo, na njia ya karibu kila ndege ya abiria hufuatiliwa na kuhifadhiwa. Kwa upande mwingine, barua zimekwisha. Mhandisi wa mwaka 1954 alipokuwa na shaka aliandika barua kwa mwenzake, akaweka nakala, na nakala hiyo ikaingia jaladani. Mhandisi wa leo huandika ujumbe kwenye kompyuta ya shirika, na shirika likifilisika kompyuta huuzwa na hifadhi yake kufutwa. Kumbukumbu za matengenezo hutunzwa kwa muda unaotakiwa na kanuni, kisha huharibiwa kihalali kabisa. Kwa hiyo siku hizi sehemu ya muda wangu naitumia kuandika maombi badala ya makala. Ninaposikia kwamba shirika linayumba, nawaandikia wanaosimamia mali zake na kuwaomba nakala za majarida ya wafanyakazi, ratiba, mafaili ya mafunzo na majina ya mafundi waliokubali kuhojiwa. Wengi hawajibu, waliojibu hadi sasa wamenitumia zaidi ratiba na majarida, na mafaili ya mafunzo ndiyo ninayoyafuatilia sasa.